Mtu Baki

Shangazi alikuwa na mdomo. Tuliseme hilo mapema, mtu asije akashangaa mbele ya safari. Alikuwa mshonaji wa sare za shule, futi ya kupimia haimtoki shingoni hata msibani, na mtaa mzima, wakubwa kwa wadogo, ulimwita Shangazi kwa sababu akimgombeza mtoto wa mtu, mwenye mtoto husema asante. Alichokipenda kuliko vyote duniani ni kaka yake, fundi wa kuchomelea vyuma. Walikuwa wawili tu, wazazi walishatangulia mbele ya haki. Alichokipenda cha pili ni kumkumbusha mke wa kaka yake kwamba wao wawili ni damu moja.

"Wifi, nakupenda," alizoea kumwambia Mama Pacha, "lakini usijisahau. Mke hupatikana. Ndugu wa damu utamwokota wapi?"

Mama Pacha akisikia hivyo hung'ata mdomo wa chini na kuendelea kuchambua mchele wake. Watu wakasema, mwanamke yule mpole. Mpole wapi! Kwa mambo mengine yote alijua kujibu, tena majibu ya kumlaza mtu na viatu. Hili moja tu ndilo alilokuwa akilimeza, na hakuna aliyejiuliza kwa nini.

Sasa, asubuhi ile Fundi aliinama karakanani kuwasha mashine, akatapika damu. Si ile ya kutema mara moja na kufuta mdomo. Damu ya kujaza karai. Mgongo wake ulikuwa umemsumbua kitambo, naye alikuwa akila vidonge vya maumivu kama karanga, kumbe vidonge vinamchimba tumbo kimyakimya. Mafundi wenzake wakamkimbiza hospitali, na Shangazi akafika huko na sindano bado imechomekwa kifuani mwa gauni.

Alimkuta kaka yake kalazwa chumba cha dharura, midomo imepauka, mikono ile iliyozoea kuinua mageti imelala juu ya shuka haina kazi. Daktari alikuwa binti mwembamba wa miwani, umri wa kuwa mwanawe. Alisema bila kuzunguka.

"Kidonda kimekula hadi kwenye mshipa. Lazima apasuliwe leo, lakini siwezi kumpeleka akiwa hivi, ataishia mezani. Kundi lake ni O hasi, na watu wa kundi hilo ni wachache. Mfuko mmoja niliokuwa nao nimeshampa. Mwingine nimeuomba hospitali ya ng'ambo ya mji, uko njiani. Nisaidieni kutafuta mtu mwenye kundi hilo. Ila asiwe ndugu wa damu. Nataka mtu baki."

Shangazi alidhani masikio yanamchezea.

"Mtu baki?"

"Ndiyo, mama. Asiye na nasaba naye kabisa. Damu ya ndugu lazima ipite kwanza kwenye mashine ya mionzi, na mashine hiyo sisi hatuna. Kuna ugonjwa unaoweza..."

Muuguzi akaita kutoka kitanda cha pili, na daktari akaenda mbio huku maneno mengine yamembakia kinywani.

Mama Pacha, aliyekuwa amesimama kichwani pa kitanda, akasema basi yeye anakwenda karakanani kuwakusanya mafundi wapimwe, na akaondoka hapo hapo. Yeye kundi lake lilikuwa jingine, alishapimwa wakati wa kujifungua. Shangazi akabaki kasimama, anachemka. Loo! Yaani binti huyu anataka kaka yake atiwe damu ya mtu wa barabarani, na dada mtu yupo, ana afya, ana mishipa kama mizizi? Damu nzito kuliko maji, hata asiyesoma anajua. Yeye aliona ni maringo ya wasomi. Akajifunga khanga kiunoni, akaenda maabara.

Maabara kulikuwa na mzee mmoja mwenye kipara na koti jeupe lililokatika kifungo. Shangazi alitamani akishone palepale.

"Nani wa mgonjwa wewe?" mzee akauliza.

"Mimi? Mtu baki." Halikumkwama hata kidogo. "Nawashonea wanawe sare. Nimesikia ana shida, nikasema nisaidie. Utu tu, baba."

"Hamna nasaba yoyote?"

"Hata ya kunusa."

Jina la babake halikumsaliti, maana alitumia la mume. Mzee akamtoboa kidole, akachanganya matone yake kwenye kigae, akainamia, akainua kichwa anatabasamu. O hasi. Shangazi nusura apige vigelegele. Mnaona? Ndiyo maana ya damu hiyo, hata ukiificha inajitaja yenyewe. Alilala kwenye kiti kirefu anautazama mfuko ukijaa, na moyo wake ukajaa nao. Alimkumbuka kaka yake akimbeba mgongoni kwenda shule msimu wa matope, viatu vyake yeye vimefungwa kamba shingoni mwa kaka ili visichafuke. Leo ilikuwa zamu yake kumbeba.

Walipima magonjwa yote, wakalinganisha damu na damu, ikakubali. Shangazi akarudi chumba cha dharura, kichwa chepesi kidogo, chupa ya soda mkononi, na furaha isiyo na pa kukaa. Hali ya Fundi ilikuwa imeshuka. Alikuwa akihema kwa mafungu na jasho la baridi linamtoka. Muuguzi akaingia na mfuko, akautundika kwenye chuma. Daktari akasoma kibandiko, akamwambia muuguzi asome naye, wakarudia.

Mtu mwingine angenyamaza. Lakini tulishasema kuhusu ule mdomo.

"Hivi daktari," Shangazi akauliza kwa sauti ya mtu anayejua jambo, "ndugu mnawakatalia nini?"

Daktari alikuwa akipapasa mshipa, akajibu bila kuinua macho.

"Nikiwa bado nasoma, alikuja baba mmoja, mwanawe akamtolea damu. Tulimpigia makofi yule kijana. Baba akaruhusiwa, akaenda nyumbani anatembea mwenyewe. Hazikupita wiki mbili akarudishwa ana homa. Ngozi yote imewaka, inababuka kama ya mtu aliyemwagiwa maji ya moto. Anaharisha, macho manjano. Mwisho uboho wake ukafa, yaani kule ndani ya mifupa damu inakotengenezwa, hakukubaki kitu. Tulimpa kila dawa iliyokuwepo. Hakupona."

"Kisa damu ya mwanawe?"

"Kisa hiyo. Ndani ya damu mna askari, mama. Wa mtu baki wakiingia mwilini, askari wako wanawajua kuwa ni wageni, wanawamaliza. Wa ndugu wanaweza kuja na sura za nyumbani. Wako wanawatazama, wanasema hawa wenzetu, wanawapisha. Basi wanakaa, wanazaana, halafu wanageuka. Wanaushambulia mwili mzima, maana kwao wao mwenye nyumba ndiye mgeni. Ni nadra sana. Lakini ukimpata mtu, huwa haumwachi. Si mnasema wenyewe, kikulacho..."

"Ki nguoni mwako," Shangazi akamalizia, na hakuitambua sauti iliyotoka.

Muuguzi alikuwa ameshaunganisha mpira. Damu ikaanza kuteremka ndani yake, nyekundu iliyoiva, polepole, kuelekea kwenye ule mkono wa kaka yake.

Shetani hakosi kazi. Alimwambia Shangazi: nyamaza. Kasema nadra, na nadra ni nadra, watoto wangapi wamewatolea wazazi wao na wanadunda? Ukisema, utafukuzwa kama mwizi. Ukisema, hakuna damu nyingine, atakufa sasa hivi mbele ya macho yako, na utakuwa umemuua kwa mdomo wako. Shangazi aliyasikia yote hayo na akaogopa, akaogopa kweli, mpaka soda ikamponyoka na chupa ikavunjika sakafuni.

"Funga!" akapiga kelele. "Funga hicho! Mimi ni dada yake!"

Muuguzi akaubana mpira kwa vidole. Damu ilikuwa imebakiza kama shubiri moja kufika mshipani.

"Unasema?" daktari akauliza.

"Mficha uchi hazai. Mimi ni dada yake, baba mmoja mama mmoja. Nimemdanganya mzee wa maabara. Nipelekeni mnakotaka, lakini hiyo msimtie."

Daktari hakufoka. Ingekuwa nafuu kama angefoka. Alisema tu, "Toa," na muuguzi akachomoa mpira, akaubana kwa koleo, akauacha mfuko unaning'inia. Daktari akatoa simu, akapiga, akasikiliza. Gari la damu lilikuwa limekwama. Lori limelala darajani, hakuna anayepita. Akatazama namba za presha, akatazama mlango, akautazama mfuko.

"Nikisubiri, anaweza asifike jioni," akasema, zaidi akijiambia mwenyewe. "Nikimtia hii, huenda akapona leo nikaja kumpoteza vibaya zaidi. Mama, umeniweka mahali pabaya sana."

Shangazi akakaa chini, palepale kwenye soda na vigae vya chupa.

Hapo ndipo Mama Pacha alipoingia anahema. Mafundi aliokuja nao wamepimwa wote, hakuna hata mmoja wa kundi lile. Akamkuta wifi yake sakafuni.

"Nimemuua kaka yangu," Shangazi akalia. "Wifi, nimetoa damu kwa uongo, kumbe ya ndugu ni sumu, na nyingine hakuna."

Mama Pacha hakumwinua wala hakumlaumu. Alimgeukia daktari, akauliza neno moja moja, kama mtu anayekanyaga kwenye tope.

"Shida ya damu hiyo ni kwamba huyu ni ndugu yake tu? Haina lingine?"

"Haina lingine. Imelingana, ni safi. Angekuwa mtu baki ingeshaingia."

Mama Pacha akamtazama mumewe. Fundi alikuwa amefumbua macho. Hakuwa na nguvu ya kuinua kichwa, lakini alikitikisa juu ya mto, huku na huku.

"Mama Pacha," akasema. "Usithubutu."

"Nilikuapia, ndiyo. Mungu atanisamehe. Wewe ukipenda usinisamehe, ila uwe hai." Akafuta uso kwa kiganja. "Daktari, huyu si ndugu yake wa damu. Alilelewa tu pale nyumbani."

Shangazi alicheka. Jamani, alicheka! Alidhani ni tusi. Alidhani wifi yake, baada ya miaka yote ya kumezea, kachagua saa hii kulipiza.

"Wifi, hata leo? Hata hapa?"

Lakini Mama Pacha alikuwa analia, na mtu anayetukana halii namna ile.

Daktari akavua miwani. "Sikiliza, mama. Familia hii imeshanidanganya leo mara moja. Wewe unataka mumeo aishi, unaweza ukasema lolote, na mimi sikulaumu. Lakini siwezi kufungua mpira kwa maneno hayo. Nataka nisikie kwa anayejua." Akainama kitandani. "Fundi. Huyu ni dada yako wa tumbo moja?"

"Ni dada yangu."

"Wa tumbo moja?"

"Dada yangu," Fundi akasema, akageuzia uso ukutani.

Basi Shangazi akajua. Alimjua kaka yake, mtu asiyeweza kusema uongo hata wa kumkwepa mdai. Kama ingekuwa kweli angesema ndiyo, neno moja, yakaisha. Alikuwa amelikimbia swali. Ilikuwa kama ngazi imekosekana gizani, na hakujua aushike mkono wa nani. Hakuwa na mama tena. Hakuwa na baba tena. Wote aliowazika, amewazika kwa mara ya pili. Alitaka kutoka mbio mpaka nje ya geti, alie kama watoto wanavyolia, kwa sauti yote.

Lakini namba kwenye mashine zilikuwa zinashuka. Akajikokota kwa magoti mpaka kitandani.

"Kaka. Niangalie."

Hakugeuka.

"Niangalie, nimesema! Ni kweli?"

"Mama aliniapisha."

"Mama kafa. Mimi ndiye niliye hapa. Nikane, kaka. Mwambie daktari mimi si kitu kwako."

"Siwezi."

"Utaweza." Akaushika uso wake kwa mikono miwili, akaugeuza. "Mimi nimekupigia kelele maisha yako yote na wewe umenivumilia. Sasa nivumilie mara moja zaidi. Ukifa na heshima yangu mkononi, nitaifanyia nini? Nitamshonea nani? Nikane, nakuomba. Nakupigia magoti, unaona, niko magotini."

Fundi alifumba macho. Maneno yakamtoka kwa pumzi fupi fupi, anapumzika katikati.

"Nilikuwa na miaka saba. Tulikuwa na mpangaji chumba cha uani. Msichana wa watu, peke yake. Alijifungua, hakupona. Walitangaza, hakuja mtu. Mama akakuchukua. Tukahama mtaa ule. Akaniambia huyu ni dada yako, na atakayesema vingine si mwanangu."

"Malizia."

"Dada..."

"Si mimi. Mwambie daktari. Malizia!"

Machozi yalimteremka Fundi hadi masikioni.

"Si damu yangu," akasema. "Hana nasaba na mimi. Ni mtu baki."

Daktari alimtazama Fundi, akamtazama Shangazi aliyepiga magoti, akavaa miwani yake. "Unganisha mpira mpya," akamwambia muuguzi. "Fungua yote, iende haraka."

Na ikaenda. Shangazi aliiona ikipita ile shubiri iliyobaki na kuingia. Baada ya muda namba zikaacha kushuka, zikasimama, zikaanza kupanda kwa kusitasita, na daktari akasema haya, twende, nao wakamsukuma, kitanda na kila kitu, kuelekea chumba cha upasuaji.

Wifi na wifi wakabaki kwenye benchi la ukumbini. Watu wakapita na ndoo, na maua, na mtoto anayekataa sindano. Shangazi alikuwa akiikunja futi yake na kuikunjua.

"Tangu lini unajua?"

"Mwaka ule wa harusi. Aliota, akaamka analia, akanieleza. Halafu akaniapisha."

"Na kila nilipokuwa nikikwambia yale maneno yangu..."

"Kila siku."

"Na hukunirushia."

"Mara moja nilivaa nikaja." Mama Pacha akatazama mikono yake. "Siku uliponisema mbele ya wageni wangu. Nilikuja nimelishika neno lile mdomoni hivi, nikifika tu nalitema. Nikakukuta unapunguza suruali ya mume wangu, umebana pini kwenye midomo, huwezi kusema. Ukanisogezea kiti kwa mguu. Nikakaa. Nikasema, kama huyu si ndugu yake, basi sijui ndugu ni nini."

"Kumbe dawa ilikuwa pini," Shangazi akasema. "Ungeniambia mapema, wifi, ningekuwa nazibana mdomoni kutwa, tukaishi kwa amani."

Wakacheka, wakacheka mpaka mlinzi akawageukia, halafu kicheko cha Shangazi kikavunjika katikati na Mama Pacha akamvuta kichwa begani kwake. Alilia vizuri. Alimlilia yule msichana wa chumba cha uani ambaye hakumjua hata jina, akamlilia mama aliyehama mtaa kwa ajili yake, akajililia mwenyewe. Kuzaa si kazi, kazi kulea, wanasema watu, na yeye mwenyewe alishalisema kwenye harusi za wenzake akidhani analijua.

"Nimwiteje sasa?" akauliza, uso ukiwa bado kwenye khanga ya wifi yake. Mama Pacha akampigapiga mgongoni.

Jua lilikuwa limeanza kulala madirishani mlango ulipofunguliwa. Alikuwa ni muuguzi, kofia ya upasuaji bado kichwani. Mama Pacha akasimama kabla ya kuambiwa.

"Mshipa umefungwa," muuguzi akasema. "Yuko macho. Mapema kusema mengi, lakini yuko macho, na anasumbua kweli, hataki kutulia." Akaangaza benchini. "Dada yake ni nani hapa? Anamtaka dada yake."

Shangazi akageuka nyuma kutazama kama kuna mtu mwingine.

"Nenda," Mama Pacha akasema, akamsukuma mgongoni kwa nguvu. "Unaitwa."